Ncha Nyeupe Isiyo na Kovu

Sehemu ya tisa

Tuliachana, msomaji, mkono wa Bi Lenzi ukiwa bado hewani, kibano kimeshika ncha ya mshale ya jiwe, na maneno yake ndiyo kwanza yametoka mdomoni:

"Mama, hii hawakuichonga watu wa kale. Hii imechongwa na mtu aliye hai."

Mjane hakuzimia. Hakulia, wala hakushika kichwa. Alitazama kikombe cha chai alichowekewa tangu saa tatu, akaona chai imeota utando juu, akausogeza utando kwa kijiko mpaka ukingoni. Kisha akakilaza kijiko kwenye kisahani, taratibu, kisije kikalia.

Ndivyo mambo yalivyokuwa yakimfikia tangu amzike mumewe, miezi minne sasa. Yalimfikia kutoka mbali, kama habari za nyumba ya jirani. Mwili wake ulikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii haikuisha kwa kusuguliwa.

Kwa aliyetukosa wiki zilizopita, ni hivi. Marehemu alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini alitembea na kamba na vigingi, na kila alipochimba shimo la kigingi akakuta ncha ya mshale ya jiwe, aliiokota, akaandika mahali kwenye daftari, akaileta nyumbani. Zikafika ishirini na nne, zote kwenye kopo moja la biskuti lenye picha ya farasi. Kabla hajafa alisema kopo liende kwenye jumba la makumbusho, watu wote wazione.

Jumba likakubali. Chumba kizima kitaitwa kwa jina lake, na kibao kitapigiliwa mlangoni Jumamosi hii. Kadi za mwaliko zimeshasambazwa, zina picha ya ile ncha nyeupe, kubwa kuliko zote, nyembamba kama jani.

Ila sheria ya jumba haina mjadala. Kabla kibao hakijapanda, mpimaji wa mawe, huyu Bi Lenzi mwenye kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni, lazima azitazame zote. Ikipatikana moja ya kughushi, kopo zima linarudi lilikotoka, na jina haliendi mlangoni. Mtu atasemwa kuwa alidanganya, na hayupo kujitetea.

Sasa tazama. Ncha ya kwanza iliwekwa kwenye trei ya kushoto, trei ya mashaka. Ya pili kushoto. Ya tatu na ya nne, kushoto. Ile ya tano ndiyo iliyokuwa kwenye kibano.

Bi Lenzi hakuwa mtu mbaya. Alimweleza mjane polepole, kama daktari anayesoma karatasi ya vipimo. Jiwe likilala ardhini miaka maelfu huota ngozi. Ukungu fulani hivi, ukavu fulani. Udongo nao hujibana kwenye makovu yake ukawa sehemu ya jiwe.

"Hizi ngozi yake iko wapi, mama? Zinang'aa kama viatu vya bwana harusi."

"Ni mafuta," mjane akasema.

"Mafuta gani?"

"Ya mgando. Huwa nazipaka."

Bi Lenzi akashusha kibano.

Mjane akamweleza, bila haraka na bila kupandisha sauti. Kila Ijumaa, miaka ishirini na sita, akishamaliza kufua, alikuwa analimimina kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Anazisugua moja moja kwa mswaki uliochakaa. Yenye udongo mgumu anailoweka kwenye siki mpaka ichemke mapovu. Anazianika kwenye taulo, anazipaka mafuta kidogo tu, anazifunga kila moja na kitambaa chake. Mume akirudi Ijumaa jioni anakuta kopo linanukia sabuni. Tangu amzike hajalifungua.

Bi Lenzi alifumba macho.

"Kwenye siki," akasema.

"Zile zenye udongo mgumu tu."

"Mama, huo udongo mgumu ndio cheti chake cha kuzaliwa. Na yeye hakukukataza?"

"Alikuwa ananishukuru."

Msomaji, mtu mwingine angecheka, na mwingine angepiga meza. Bi Lenzi alifanya jambo la tatu. Alinyoosha mkono akalivuta daftari la marehemu, ambalo alikuwa hajalifungua. Hiyo ndiyo desturi yake ya kazi: anasoma jiwe kwanza, karatasi baadaye, ili maandishi ya mtu yasimdanganye macho. Leo aliivunja.

Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya orodha, paliandikwa kwa wino wa bluu. Akasoma kwa sauti:

"Kwa atakayezipima. Mke wangu huziosha. Najua madhara yake, nimeshindwa kumkataza, maana huimba akiziosha. Tafadhali tazama ndani ya pembe, mswaki haufiki."

Nje, mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa vitabu koridoni, gurudumu moja linalia.

Mjane alisubiri kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Alijiuliza tu aliimba wimbo gani, na hakukumbuka kabisa kwamba aliwahi kuimba.

Bi Lenzi alikuwa ameshachukua chupa ya spiriti. Aliifuta ile ncha ya tano mpaka mafuta yote yakahamia kwenye pamba, akaisogeza chini ya taa, akainama. Halafu akaanza kusema na nafsi yake, mama akisikia. Kwenye pembe za ndani, pale kibanzi kimoja kilipokatikia juu ya kingine, kulikuwa na udongo. Mwembamba kama uchafu wa ukucha, umeshikana na jiwe, hautoki hata kwa sindano.

Kisha akachukua pamba kavu akaiburuta taratibu kwenye makali. Pamba ikateleza. Jiwe lililochongwa jana, alieleza, makali yake hunasa nyuzi. La kale limelala, limesuguliwa na mchanga na maji na miguu ya watu, limepoa.

"Hii ni ya kale," akasema. "Naomba radhi kwake."

Ikaenda kulia. Ya nne nayo kulia, na ya tatu. Moja moja, kwa spiriti na pamba, trei ya kushoto ikabaki tupu na ya kulia ikajaa. Saa sita na nusu zilikuwa zimefika ishirini na tatu, na Bi Lenzi alikuwa amekunjua uso kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Ikabaki nyeupe.

Aliiacha makusudi iwe ya mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni ya sahani. Akaitia spiriti. Akatazama pamba. Pamba ilikuwa safi.

"Hii hukuipaka mafuta?"

Mjane akajibu kwamba alizipaka zote, asingeibagua hiyo.

Bi Lenzi akaiburuta pamba kavu kwenye makali. Pamba ikanasa. Jiwe likaota ndevu nyeupe kuanzia nchani mpaka kwenye kitako. Akatazama pembe za ndani, hamna kitu, safi kama kinywa cha mtoto mchanga. Akaigeuza ukingoni chini ya kioo chake, akaisogeza karibu zaidi na taa.

Ukingoni kulikuwa na mstari. Mwembamba kama uzi wa buibui, mwekundu unaoelekea dhahabu.

"Shaba," akasema. "Watu wa kale walibandua jiwe kwa pembe ya mnyama na kwa jiwe lenzake. Huyu alitumia shaba. Safari hii nasema, mama, na sitaomba radhi."

Mjane akaomba aishike.

Haikuwa kawaida ya jumba mtu wa nje kushika, lakini Bi Lenzi alimpa. Mama aliilaza kiganjani. Uzito ulikuwa ule ule. Akaigeuza chali, akapeleka kidole gumba kwenye mgongo wake, karibu na kitako, upande wa kushoto. Kidole kikapita. Akakirudisha. Kikapita tena.

Miaka ishirini na sita kidole kile kilikuwa kikiingia mahali pale kwenye kovu dogo, kishimo cha ukubwa wa punje ya mtama, ambacho kila Ijumaa kilinasa nyuzi za taulo na yeye akazitoa kwa sindano. Mtu aliyeitazama picha kwenye kadi asingekijua. Picha inaonyesha uso, haionyeshi mgongo.

"Hii sijawahi kuiosha," akasema. "Hii si yetu."

Kabla Bi Lenzi hajauliza ya kwao ilikokwenda, mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pigo moja.

Aliingia shemeji.

Mdogo wake marehemu, mchonga vibao na mihuri, fundi anayesifika mji mzima kwa herufi zilizonyooka. Kwapani alibana kibao cha shaba kilichofungwa kwa gazeti, kile cha mlangoni, kazi aliyojitolea mwenyewe. Alivaa shati la marehemu, la michirizi ya bluu, linalompwaya mabegani. Nguo ziligawanywa mwezi wa pili baada ya mazishi, na katika mfuko mzima yeye aliomba hilo tu.

Mjane alilitazama shati, si mwenye shati. Aliona kifungo cha tatu, alichokishona yeye kwa uzi mweusi alipokosa mweupe. Aliona doa la mafuta mfukoni, limechongoka kuelekea chini. Akawaza kwamba doa la namna ile linatakiwa kuloweshwa kwa sabuni ya unga kabla halijazeeka, na kwamba shemeji yake tangu aachwe na mkewe hana wa kumkumbusha.

Alipoambiwa yaliyotokea, shemeji hakukaa. Alizunguka meza. Aliuliza kopo lilikuwa linakaa nyumba ya nani, akajijibu mwenyewe. Aliuliza nani alikuwa na ufunguo wa kabati, akajijibu pia. Akamgeukia mjane, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Shemeji, mimi sijashika hilo kopo hata mara moja. Wewe ndiye umelala nalo. Mwambie mama wa watu ukweli, yaishe."

Mjane maneno alikuwa nayo, ila yalikuwa chini sana, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Bi Lenzi ndiye aliyesema. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifurushi cha gazeti. Aliuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, kibao hicho ni cha madini gani. Shaba, akajibiwa. Na huchongwa kwa chombo gani. Shemeji akaelewa anakopelekwa, akacheka kwa pua.

"Bibi, ingekuwa kazi ya mkono wangu, usingegundua."

"Hilo ni jibu la fundi," Bi Lenzi akasema. "Silo la mtu asiye na hatia."

"Basi chukua jibu jingine. Hiyo nyeupe tuliiokota wawili. Nilikuwa namsaidia kazi, kaka kashika kamba mwisho huu, mimi mwisho ule, na shimo lilikuwa katikati. Fungua hapo kwenye daftari. Ameandika nani?"

Bi Lenzi akafungua. Ukurasa ulikuwa na tarehe, na mchoro mdogo wa mahali. Chini yake paliandikwa: Nimeiokota leo.

Nimeiokota. Si tumeiokota.

"Miaka yote hiyo," shemeji akasema, na mkono wake ukapanda kwenye mfuko wa shati, ukakaa pale, kama wa mtu mwenye kichomi. Kisha akabana kibao chake kwapani akatoka. Mlango aliufunga vizuri, hakuubamiza.

Bi Lenzi alimsindikiza mjane mpaka kwenye ngazi. Alimweleza mambo wazi. Ripoti itasainiwa kesho saa nne asubuhi. Nyeupe ya kweli ikirudi kabla ya hapo, ataandika ishirini na nne, ataufunga mdomo wake. Isiporudi, ataandika anachokiona. Kuitoa koponi na kujifanya haikuwepo hawezi, kwa sababu picha yake iko kwenye kadi mia mbili.

"Najua mume wako hakudanganya," akamwambia. "Ripoti haina mahali pa kuandika ninachokijua."

Mjane alirudi nyumbani kwa miguu. Alipita duka la vioo, akapita kwa mshonaji, akapita kwa muuza magodoro aliyemsalimia mara mbili. Alivuka barabara, gari likampigia honi, akashangaa honi ni ya nani.

Nyumbani alimkuta binti yake jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mchele. Mtoto wa pekee, mkubwa wa miaka thelathini na moja, fundi wa meno ya bandia kwenye zahanati ya meno. Watu humtania kwamba nusu ya mji inatafuna kwa kazi ya mikono yake. Mikono ni ya baba yake kabisa, vidole virefu, visivyotetemeka.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa na plasta.

Plasta hizo mama alikuwa ameziona wiki mbili nzima. Aliambiwa ni kisu cha jikoni, akasema pole, akaendelea na shughuli zake. Ganzi ina tabia hiyo, inakuonyesha kitu na inakuzuia kukiuliza. Leo alisogeza kigoda, akakaa, akauchukua ule mkono, akabandua plasta ya kwanza. Chini yake hakukuwa na jeraha moja. Kulikuwa na mikato midogo saba au minane, imepishana, kama ya mtu aliyekwaruzwa na chupa.

"Kisu gani hiki kinachokata mara nane?"

Binti alitazama sinia la mchele.

"Mama, wameijua?"

"Pamba ilinasa."

Hakukana, tumpe haki yake. Alinyanyuka akaenda chumbani kwake, akarudi na kipande cha ngozi ya kiatu na msumari mnene wa shaba uliopigiliwa kwenye mpini wa mti. Mpini mama aliujua. Ulikuwa wa mwiko wake uliovunjika zamani, aliodhani umetupwa. Jumamosi kwa Jumamosi, baba na binti walikuwa wanakaa nyuma ya nyumba wakigonga mawe, na yeye akiwasikia aliwaza ni mchezo wao, afadhali kuliko kuzurura.

Ulikuwa ni mchezo kweli. Baba alitaka tu binti ajue watu wa kale walivyofanya. Vyote walivyochonga walivipiga nyundo siku ile ile, vikawa kokoto. Hakikubaki hata kimoja, alisisitiza binti. Baba alikuwa mkali kwa hilo.

"Sasa hiki ulikichonga kwa nini?"

Binti akakaa tena juu ya ndoo. Alisema kwa sauti ndogo, ile ya kukiri kuvunja sahani.

"Aliniomba nimzike nayo. Ile nyeupe. Alisema zote ziende kwa watu, ila hiyo aende nayo yeye, maana hiyo ina kosa lake. Hakuniambia kosa gani. Na alisema usiambiwe, utaumia."

Mama alisikiliza. Mchele mmoja ulikuwa umenasa kwenye kanga yake, akautoa, akaurudisha kwenye sinia.

Mengine binti aliyasema haraka haraka, kama anayekimbia mvua. Jumba lilipokuja kupiga picha za kadi, baba alikuwa bado hai, na nyeupe ilikuwa koponi. Hakuna aliyejua kwamba picha ndiyo itakayowafunga. Wiki tatu zilizopita barua ilipofika kwamba kopo linatakiwa lote, akaona kuna tundu la ncha moja na kadi zimeshatoka. Akatafuta jiwe jeupe, akakaa nalo siku kumi na mbili zahanatini, mchana wakati wa chakula, kadi imeegemezwa mbele yake kwenye bilauri. Aliharibu matano. La sita likakubali.

"Nilidhani nawalinda," akasema. "Yeye, na jina lake, na wewe."

"Ulichonga vizuri," mama akasema. "Ila hukuchonga mgongo."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hivi, msomaji, na mama alilipanga kichwani kama vyombo kabatini. Ncha ya kweli iko kaburini. Ili jina la mume lipande mlangoni, kaburi lifunguliwe. Lisipofunguliwa, ataitwa mwongo mbele ya mji mzima, au binti yake aitwe mghushi na apoteze kazi. Hapakuwa na njia ya nne.

Aliuokota ule msumari wa shaba bila sababu, akauzungusha vidoleni.

"Uliiweka wapi? Mkononi mwake?"

"Nisingeweza kumshika, mama, unanijua. Niliitia mfukoni kabla hawajamvisha. Shati lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nikafunga na kifungo."

"Shati gani?"

"Lile la bluu. La michirizi. Wewe mwenyewe ulisema anazikwa na lile."

Msumari ukaacha kuzunguka.

Alisema hivyo kweli. Halafu asubuhi ya mazishi, nyumba imejaa watu, aliona kola imejikunja, akaipiga pasi kidogo tu pale kolani. Mtu akamwita. Alipogeuka, pasi ilikuwa imeng'ata kola, alama ya rangi ya kahawa. Hakumwambia mtu. Alilikunja lile shati akalisukuma kwenye mfuko wa nguo za kugawa, akatoa jeupe kabatini, wakamvisha jeupe. Binti alikuwa nje wakati huo, amekataa kuingia, na sanduku lilipopita mbele yake lilikuwa limeshafungwa.

Kaburini hamna kitu.

Na shati la bluu, msomaji, tumeliona leo.

Mama akaliona tena, vizuri kuliko alivyoliona asubuhi. Doa la mafuta mfukoni. Si la mchuzi wala la baiskeli. Limechongoka chini, limepanuka juu, na juu kabisa lina vijipembe viwili, kama masikio. Ncha iliyopakwa mafuta ya mgando kila Ijumaa kwa miaka ishirini na sita, ikalala ndani ya kitambaa cha pamba miezi miwili, imejichora yenyewe.

Alikuwa amekaza kiganja bila kujua. Msumari uliingia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, na uliuma. Alitazama tone la damu likitokeza. Kweli liliuma, pale pale lilipo, si kwa jirani.

Simu ikaita.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na alikuwa Bi Lenzi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza huku anatazamwa. Alisema shemeji amerudi, amekaa mbele yake hapo mezani, na ameleta ncha nyeupe. Ameipima. Pamba imeteleza. Kwenye pembe kuna udongo, na mgongoni, upande wa kushoto karibu na kitako, kuna kovu.

"Ndiyo yenyewe, mama. Kopo limekamilika."

Binti, aliyekuwa ameweka sikio karibu, akashika mdomo kwa mkono wenye plasta.

"Lakini anasema ameitoa nyumbani kwako," Bi Lenzi akaendelea, polepole. "Anasema uliificha kwenye ndoo ya unga, ukaweka ya kughushi mahali pake, ili jina lake yeye shemeji yako lisije likatajwa kwa kitu walichookota wawili. Anataka niandike hivyo kwenye ripoti, sasa hivi, asubiri nisaini. Na kibao amekifungua. Mama, kina majina mawili. La kwanza ni lake."

Mjane alimtazama binti yake. Binti alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, maana wote wawili walijua kwamba kufungua mdomo kuhusu shati ni kufungua mdomo kuhusu msumari.

Angeweza kunyamaza. Amenyamaza miezi minne, na haikumsumbua.

"Amevaa shati gani?" akauliza.

"Lile lile la asubuhi. La michirizi ya bluu. Kwa nini?"

Mjane alifuta damu ya kiganja kwenye kanga.

"Mwambie asiondoke," akasema. "Na hilo shati asilivue."

Bi Lenzi akayarudia maneno hayo kwa sauti. Upande wa pili kilisikika kiti kikisukumwa nyuma kwa nguvu. Kikasikika kitu kizito cha madini kikianguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Halafu ufunguo ukazungushwa mlangoni, mara mbili. Nani aliyeuzungusha, na alikuwa ndani au nje, simu haikusema.